Tezi Iliyoitikia Jina

Maziwa yalianza kumtoka Seline kazini, mchana kweupe, na mwanawe wa pekee, Lornah, ana miaka minane.

Lornah alikuwa hakui. Tezi iliyo chini ya ubongo wake haikutoa homoni ya ukuaji, ndiyo maana maabara ya mama yake, hapo Kisumu, ilichukua seli za ngozi yake, ikazigeuza kuwa changa upya, ikaotesha tezi mpya ndogo kama jicho la omena, yule dagaa wa ziwani. Tezi ikanenepa vizuri, lakini homoni hata tone. Basi Seline, msomi mzima, akafanya upuuzi. Aliinamia kabati la joto ilimokuzwa tezi, akaitajia tezi majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, kama nyanya zake walivyomfanyia mtoto mchanga aliyelia bila kukoma, mpaka jina lake lipatikane. Alipotaja Aloo, tezi ilitikisika. Kesho yake homoni ikapatikana, naye akacheka kwa furaha, maskini.

Sasa kabati lilinuka maziwa ya mama, na ukitega sikio ulisikia kitu kikinyonya.

Habiba, mwenzake wa maabara, alimleta Mzee Saleh, mganga wa Kondele. Mzee alikataa kupita mlangoni.

"Mama, uliita nani?"

"Nyanya yangu, Mzee. Aloo."

"Huyo si nyanya yako. Ni jini. Akipata mwili, jina lolote yeye anaitikia. Mwagia hiyo kitu jiki, imuunguze, saa hii, mimi nasoma dua. Maziwa yako ikimuishia, atatafuta mwenye ngozi."

"Lornah wangu?" Seline alinong'ona.

"Ndiyo nasema haraka."

Mzee akaanza kusoma, na Seline akafungua kabati huku Habiba amemshika bega, harufu ikawapiga usoni nzito na ya uvuguvugu, kifua chake kikauma na blauzi ikalowa hadi kiunoni, akainua chupa ya jiki juu ya kijisahani chenye tezi, na hapo ndipo sauti ilipotoka ndani ya kijisahani, nyembamba, ya usingizini, sauti Lornah anayoamka nayo kila asubuhi:

"Mama, itaniuma."

"Usisikize!" Habiba alilia. "Mama Lornah, mtoto yuko shule! Yuko shule!"

Seline alijua. Alijua kabisa. Akaiweka chupa chini, akaanza kufungua vifungo vya blauzi.