Nywila ya Mikidadi

Shule niliikimbia darasa la sita, na bado mafundi kompyuta wa Nachingwea nzima hawaniwezi kwa maneno. Lakini hili lililompata rafiki yangu Ashraf, fundi mwenyewe, sijapata pa kulitania.

Mwaka 2006 ofisi mbili za usalama, moja Nachingwea na nyingine Ruangwa, zilikuwa na kanzidata moja. Kwa vile hawaaminiani, haikufunguka mpaka kila upande uingize nywila yake, na ilikuwa marufuku kumwambia mwenzako. Mikidadi, mwenye nywila ya Ruangwa, akafa na yake. Tukamzika kwao Nkowe.

Shida ni Habibu, shemeji yake Ashraf. Alikuwa mahabusu kwa kufanana jina na mtu mwingine, na taarifa za kumsafisha zimo kwenye kanzidata hiyo hiyo. Ashraf akatumwa Ruangwa kuileta mashine ya marehemu.

Akakuta umeme umekatika, na vioo vya madirisha ya chumba cha marehemu vimepakwa rangi nyeusi. Akachomoa nyaya kwa kupapasa, akabana kibodi kwapani. Kimya. Halafu ta, ta, ta.

Simu ikalia. Ni Albina, mwenye nywila ya Nachingwea.

"Kaka Ashraf, wewe kiboko! Nywila ya Ruangwa imeingia, imefunguka. Shemeji yako anatoka leo."

"Sijagusa kitu, dada."

"Acha mbwembwe. Na uache kubonyeza, imeshatosha."

Ashraf anasema hata hakuogopa. Vitufe vilikuwa bado vinabonyea, kimoja kimoja, kwenye mbavu zake.