Upindo wa Gauni la Harusi

— Wifi, acha kichwa cha mtu uje mbio! Kaka anakata gauni lako!

Msusi alimwacha mteja na kichwa nusu msitu nusu shamba, akatoka na kitana mkononi. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Duka la ushonaji lilikuwa mtaa wa pili. Wifi yake alitangulia mbio, akasimama mlangoni asiingie. Ndani, mchumba wa Msusi, Fundi, alikuwa amepiga magoti katikati ya kitambaa cheupe, mkasi mkononi.

— Usikanyage! Wameweka sumu humu!

— Akina nani, mpenzi?

— Hao wanaoongea. Tangu asubuhi wananiambia ukilivaa utaanguka mbele za watu.

— Hapa tupo sisi watatu tu.

— Huamini? Haya, tazama!

Aliingiza ncha ya mkasi kwenye upindo wa gauni, akafumua. Vidonge vidogo vyeupe vikadondoka, vikaviringika mpaka miguuni pa Msusi.

— Umeona? Na mnaniita mwendawazimu!

Msusi aliokota kimoja. Alikijua. Ndicho wifi yake alichompa kaka yake kila asubuhi na kikombe cha maji, kisha akasimama mpaka afungue mdomo na kuinua ulimi. Daktari aliuita ugonjwa ule skizofrenia. Nyumbani waliuita "yale mambo". Basi kweli upindoni mlikuwa na kitu, ila aliyekishonea humo ni Fundi mwenyewe, na saa ile alikuwa amesahau kabisa.

— Wifi, naapa nilikuwa namkagua!

— Najua, wifi. Shika mkono ule, tumpokonye mkasi.

Fundi alilazwa hospitali siku hiyohiyo. Jumamosi ikafika, viti vya kukodi vikarudishwa, na mama yake Msusi akapiga simu.

— Mwanangu, mshukuru Mungu amekuonyesha mapema. Mwanamume mzima anakataa dawa kwa ujeuri tu!

— Si ujeuri, mama.

— Ni nini basi?

Msusi alikata simu. Iliumiza, kutaka kuolewa na mtu usiyejua kwa nini alikudanganya.

Alimfuata Fundi hospitali siku akili yake ilipotulia. Walikaa kwenye benchi nje ya wodi. Mikono ya Fundi ilikuwa inatetemeka magotini.

— Ulivifichaje?

— Shavuni. Dada akigeuka, nakitema. Nilikuwa nakunja upindo, nikavishonea humo. Ningevitupa wapi? Dada anapekua mpaka ndoo ya taka.

— Kwa nini hukuniambia mimi?

— Unakumbuka siku uliponikuta natunga uzi?

Alikumbuka sana. Fundi alitunga uzi kwa jaribio la kwanza, mikono imetulia, huku anapiga mluzi, naye akamrukia shingoni akipiga kelele: "Mpenzi wangu amerudi!"

— Ulifurahi, nami nikafurahi. Nikimeza zile dawa nalala kama gogo. Nimenenepa, nakaa karibu yako sina hata hamu ya kukushika. Mikono inacheza, wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao kimyakimya. Nikasema niache mpaka gauni liishe. Mwanzoni hakikutokea kitu, nikajua nimepona. Aliyepona anameza ya nini?

Msusi alilia bila kujificha. Furaha yake yote ya siku zile ilikuwa ni ugonjwa unarudi, naye aliushangilia.

— Nikimeza, sishoni. Nisipomeza, nakata, alisema Fundi. Nenda zako, mpenzi. Hakuna atakayekulaumu.

Msusi aliinuka, akaondoka. Fundi akainamisha kichwa. Alipokiinua, alimwona anarudi na daktari, amemshika mkono wa koti asije akamponyoka.

— Daktari, itazame hiyo mikono. Huyu ni fundi cherehani.

— Hajawahi kuniambia.

— Niliogopa utaniongezea dawa, alisema Fundi.

Daktari akavuta kiti. Alisema dozi inaweza kushushwa polepole, au dawa ibadilishwe, lakini hakuahidi kitu. Huenda mtetemo usiishe wote.

Asubuhi moja baada ya kuruhusiwa, dada mtu alileta kidonge na kikombe cha maji dukani. Fundi akameza, akafungua mdomo, akainua ulimi.

— Funga, mpenzi. Hapa si kituo cha polisi, alisema Msusi. Siku ukitaka kuacha, niambie kwanza. Nitakasirika, lakini niambie.

Fundi alimrudishia dada yake kikombe.

— Leo. Leo nataka kuacha.

Wifi alishtuka. Msusi alivuta kigoda, akatandaza gauni lililokatwa juu ya magoti yao wote wawili. Akatunga uzi, akampa sindano.

— Basi leo tunakaa wote. Shona.

— Mshono utapinda.

— Acha upinde. Nitalivaa hivyohivyo.

Fundi alichoma sindano ikamwingia kidoleni, tone la damu likadondoka kwenye kitambaa cheupe. Hakuna aliyelifuta. Akachoma tena.