Safu ya Wafumaji

Jumamosi ile soko la Hebbleworth lilifurika. Rosalind Ackroyd alikuwa katikati ya watu, amevaa koti jeusi alilovaa kumzika mama yake wiki tatu nyuma. Hakuwa amelia hata mara moja. Mwanamume mwenye vumbi la chokaa kwenye nyusi akamkumba, pai yake ya moto ikamwagikia koti.

"Samahani, dada! Umeungua?"

"Sijui."

"Hujui? Mkono wenyewe wako, au umeuazima?"

Huyo alikuwa Edwin Thackray, fundi wa nyumba za kale. Rosalind alipotaja anakoishi, Safu ya Wafumaji, Edwin alisahau pai yake. Kesho yake akaja kutazama zile nyumba tisa za mawe zilizoshikana ukuta kwa ukuta, kila moja na dirisha refu ghorofani lililowapa wafumaji wa zamani mwanga.

Alibisha ukuta kwa kidole. "Nani alimpaka bibi huyu saruji? Mawe yanataka chokaa, yapumue. Ndiyo maana kuna unyevu."

"Unaisema kama mkeo."

"Sina mke. Ningekuwa naye, ningempigia simu kila siku."

Akawa anampigia yeye, kila siku. Rosalind alipenda sauti ile, ingawa moyo wake ulikuwa na ganzi.

Rosalind alitaka kuweka madirisha ya plastiki, auze nyumba aliyoachiwa na mama yake, aondoke. Edwin alimsihi asifanye hivyo. Kisha ikaja barua ya halmashauri: kuna mtu ameripoti, nyumba za kale zinalindwa na sheria, kazi isimame.

Akampigia Edwin. "Umenishtaki!"

"Mimi? Roz, mpenzi, nisikilize..."

"Ulipenda madirisha, si mimi. Usinipigie tena."

Akakaa kwenye ngazi akisubiri uchungu. Haukuja.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja jirani yake, Bi Winifred, akaingia na birika la chai.

"Aliyeripoti kwa halmashauri ni mimi, mwanangu. Miaka arobaini nimeishi ukuta mmoja na mama yako. Kila Ijumaa alikuwa akiyafuta madirisha yale. Sikuweza kuyaona yakitupwa."

Rosalind alitoka bila kofia, mvua ikinyesha. Alimkuta Edwin juu ya ngazi, akikarabati ukuta wa kanisa, mwiko wa mwashi mkononi.

"Nimekukosea," alisema.

Edwin akashuka. "Mno. Nilikuwa nangoja uje, nikuulize kama utaolewa nami."

"Edwin, sisikii kitu. Si furaha, si huzuni. Utaoa gogo."

"Sikukuuliza unasikia nini. Nimeuliza kama utakaa nami."

Rosalind alipangusa mvua usoni.

"Nitakaa."

Wakaketi juu ya jiwe, chini ya turubai. Edwin akafungua mkate wake wa jibini, akamkatia nusu. Rosalind akala polepole, kisha, kwa mara ya kwanza, akaanza kusimulia jinsi mama yake alivyokufa, tangu asubuhi ile alipomkuta sakafuni.