Alama Kumi na Saba kwenye Bunduki

Mashua ilinasa kwenye wavu saa tatu asubuhi, wakati milima ya Bujumbura ilikuwa imebaki mstari mwembamba nyuma yao. Hakuna aliyeuona wavu. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza tangu alfajiri, na mawimbi yalificha kila kitu. Injini ilipiga ukelele mmoja, ikatetemeka, kisha ikazunguka bure bila kusukuma chochote.

"Pini ya propela imekatika," alisema Atumani. Hakuhitaji kutazama. Alikuwa fundi mwenye gereji nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique, na nusu ya injini za mashua za pale bandarini zilikuwa zimepita mikononi mwake.

Salvator, mwenye mashua, aliinamisha injini mpaka propela ikatoka majini, akachukua kisu, akaanza kuukata wavu. Wimbi likaja ubavuni. Kisu kiliteleza, kikaingia mkononi mwake juu kidogo ya kiganja, kikachana nyama mpaka weupe wa ndani ukaonekana. Damu ilimwagikia maji yaliyotuama chini ya mashua, maji meusi yenye petroli na magamba ya samaki wadogo wa ndagala wa safari zote zilizopita.

Sikuzani, dada mkubwa wa Atumani, alitapika hapo hapo, nusu nje, nusu ndani. Kisha akafuta mdomo, akachana kitenge chake, akaufunga mkono wa Salvator kwa nguvu zake zote.

"Bana vidole, Salvator. Usiviachie."

"Nabana, Mama Khaled. Pini zingine ziko mu kopo la maziwa, pale mbele."

Mbele hapakuwa na kopo. Wimbi lililotelezesha kisu lilikuwa limelibeba pamoja na kasia.

Upepo uliwashika, ukaanza kuwasukuma kaskazini-magharibi, kuelekea milima ya Kongo na miamba iliyo chini yake. Kilichobaki mashuani kilikuwa magunia ya chumvi, mfuko wa Atumani, kikombe kimoja cha bati, na bunduki iliyoviringishwa katika blanketi la kijivu.

Walikuwa wanaipeleka Rumonge. Kesho yake ilikuwa arobaini ya baba yao, mzee Shaabani, na baada ya dua ndugu wangekaa kuamua juu ya bunduki hiyo. Ilikuwa ya babu, askari wa Wabelgiji katika vita vya Wazungu dhidi ya Wajerumani. Mzee Shaabani aliificha juu ya dari maisha yake yote, akiipaka mafuta kila mwezi. Polisi waliichunguza, wakaona haina risasi hata moja, wakaandika karatasi ya kuisafirisha. Sikuzani alitaka ibaki kama ilivyo na wampe mwalimu Mathilde wa Gihosha, aliyekuwa anakusanya vitu vya zamani katika chumba kimoja cha shule yake. Atumani alitaka wakate mtutu, wavue ubao wa zamani, waweke mpya, iwe bunduki safi ya kuwindia. Mkulima mmoja alikuwa tayari kuichukua. Neno la mwisho lilikuwa la baba mdogo wao, Mohamadi.

Sikuzani alikomba maji kwa kikombe. Alikomba mpaka mabega yakawaka. Salvator alipoomba maji ya kunywa, alikisuuza kikombe kile kile ziwani mara tatu, mara nne, na bado kilinuka petroli na samaki. Salvator alikunywa akiwa amefumba macho.

"Yanashuka vibaya," alisema. "Lakini maji ni maji."

Kitenge kilikuwa kimelowa chote. Uso wa Salvator ulikuwa umebadilika rangi, na midomo yake ilitetemeka katika jua kali.

"Tukifika kwa miamba hii mashua inapasuka," alisema. "Na mi kuogelea na mukono mumoja siwezi."

Atumani alipekua kila pembe ya mashua akitafuta chuma. Misumari ilikuwa myembamba. Mkono wa kikombe ulikuwa laini mno. Mwisho macho yake yaliangukia blanketi. Aliifunua bunduki. Harufu ikatoka, harufu nzito ya mafuta yaliyooza ndani ya mbao kwa miaka mia, na Sikuzani akageuza uso. Chini ya mtutu kulikuwa na fimbo ya chuma ya kusafishia. Atumani aliichomoa, akaipima kwenye tundu la pini. Iliingia kama imetengenezewa hapo.

"Utaikata na nini?" aliuliza Sikuzani. "Na meno?"

Atumani aliufungua mfuko wake, akatoa kanzu ya arobaini iliyopigwa pasi, akatoa taulo mpya, akaifungua. Ndani mlikuwa na msumeno wa chuma na tupa.

Sikuzani aliacha kukomba.

"We Atumani. Musumeno wa nini mu arobaini ya baba?"

"Dada, tuache maneno. Huyu mutu anatoka damu."

"Ulitaka kuikata njiani. Kabla baba mudogo hajaiona."

"Ndiyo! Nilitaka kuikata Rumonge kwa fundi, usiku wa leo. Ikishakatwa, maneno yanaisha. Ni chuma tu, dada! Na mbao imeoza."

Sikuzani alimtazama kana kwamba alikuwa ameona kitu kikitambaa usoni mwa ndugu yake. Kisha akashika kitako cha bunduki, akakiegemeza kwenye magoti ya Atumani.

"Kata pini. Fimbo kata. Lakini weka kidole hapa kwanza."

Kwenye ubao kulikuwa na alama kumi na saba, zilizochongwa kwa kisu, zimepangana vizuri. Atumani alizijua tangu utoto. Alikuwa amewahesabia wateja wake gerejini: Wajerumani kumi na saba, babu peke yake.

"Wajerumani, najua."

"Apana. Baba aliniambia wakati namuogesha, siku tatu mbele ya kufa. Akasema nikuambie arobaini ikishapita. Ni wapagazi, Atumani. Watu wa kubeba mizigo ya vita. Mutu akichoka, akikaa chini, akikataa kuamuka, babu alikuwa na kazi ya kubaki nyuma naye. Kisha anawakuta wenzake mbele, anachonga alama."

Upepo ulipiga. Maji yaliingia, hakuna aliyekomba.

"Muongo," alisema Atumani taratibu.

"Na ulitaka mbao mupya. Iwe safi."

Kidole gumba cha Atumani kilikuwa bado kwenye ubao. Kingo za alama zilikuwa laini, zimelainishwa na kiganja cha mtu aliyezipapasa mara nyingi. Atumani aliondoa mkono. Aliuangalia, akausugua kwenye suruali, akausugua tena. Kisha akashika bunduki kwa mikono miwili na kuinyanyua juu ya ukingo wa mashua.

"Iende chini. Iende na samaki."

Sikuzani alishika mkanda wa ngozi wa bunduki.

"Asubuhi ulitaka kuipamba, sasa unataka kuizamisha. Ni kitu kimoja. Njia zote mbili, wale wapagazi hawataonekana."

"Inanuka, dada! Huisikii? Nimekua nalala chini ya hii kitu!"

"Naisikia."

"Fundi," alisema Salvator kutoka nyuma, sauti yake nyembamba. "Mutagombana mukifika. Mi nataka kufika. Pini."

Atumani aliirudisha chini. Aliibana fimbo kati ya visigino vyake na gunia la chumvi, akaanza kukata. Msumeno uliteleza, ukarudi, ukashika. Chuma kilikuwa kigumu kuliko alivyotegemea. Jasho na maji ya ziwa yalimwingia machoni, na vidole viwili vilichunika mpaka damu. Kila alipoegemea, ubao uligusa goti lake, na kila mara alijivuta. Miamba ya Kongo sasa ilikuwa na rangi, na povu jeupe chini yake.

Kipande kilianguka. Alikilainisha kwa tupa, akaning'inia nyuma ya mashua huku Sikuzani akimshika mkanda wa suruali, akakata mabaki ya wavu kwa msumeno, akakisukuma kwenye tundu.

"Chuma hiki hakitakatika," alimwambia Salvator. "Tukigonga kitu kingine, gia yote inavunjika. Twende polepole."

Injini ilikataa mara nne. Mara ya tano ikaitika.

Hawakuelekea Rumonge. Walienda na upepo, Sikuzani akiushikilia juu mkono wa Salvator, mpaka matangi na mabohari ya bandari ya Bujumbura yakatokea. Wapakizi wa bandari walimbeba Salvator juu ya mlango wa mbao. Daktari alimshona, akasema saa mbili zaidi na angekuwa anamshonea sanda. Vidole vyake viwili havikukunjika tena.

Arobaini ilisomwa Rumonge siku ya tatu baadaye, ndugu wakiwa wamewasubiri. Baba mdogo Mohamadi aliiweka bunduki magotini mwake, akapitisha kiganja juu ya ubao, akatabasamu.

"Wajerumani kumi na saba," aliwaambia wageni. "Sasa, fimbo ile ya kusafishia iko wapi? Na tunabadilisha mbao ao tunaiacha?"

Watu walimtazama Atumani. Ndugu wote walijua yeye ndiye aliyetaka ibadilishwe.

"Baba mudogo, tunaiacha," alisema Atumani. "Hakukuwa Mujerumani hata mumoja."

Akaeleza yote, bila kuruka kitu, akiwa amesimama na kanzu yake iliyokunjamana. Alipomaliza, mzee alikuwa ameinua kiganja chake kutoka kwenye ubao, na hakujua akiweke wapi. Sahani za pilau zilikaa bila kuguswa. Mtu mmoja aliirudisha ya kwake katikati ya mkeka.

Imamu alikuwa tayari kuanza dua ya marehemu.

"Waongeze na wale," alisema Atumani.

"Majina yao?"

"Hatuna."

"Walikuwa Waislamu?"

"Hatujui, shehe. Tunajua walikuwa wamechoka."

Imamu akafungua mikono yake. Atumani alifungua ya kwake, vidole viwili vimefungwa kitambaa, akaanza kuhesabu polepole, mmoja mmoja, mpaka kumi na saba.