Upanga Uliopaswa Kuwa Butu

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, mwezi Septemba 1978, kwenye uwanja wa jumba la zamani nje ya Pskov, upanga wa maigizo ulikata kweli. Gleb Vyunov, ambaye kazi yake ilikuwa kupigana, kuruka na kuanguka kwa niaba ya stelingi wa filamu, aliviona vidole vyake viwili juu ya nyasi, akakaa chini taratibu. Kamera iliendelea kupiga. Muongozaji, Innokenti Barsov, alikiri baadaye kwamba alidhani Gleb anaigiza vizuri.

Kapteni Faina Lvovna Strogova wa polisi wa wilaya alifika saa tano na nusu. Alikuta waigizaji, Warusi na Wafaransa wa vita vya 1812, wamepanga foleni moja ya supu ya kabichi, manyoya yakipepea kofiani, wakibishana nani kapunjwa nyama. Aliwadharau papo hapo. Baba yake alipigana vita vya kweli na alirudi bila miguu, si na manyoya.

Wakubwa wake walikuwa wameshaamua: akamatwe mtunza silaha, Yefim Savvich Kudelin, mzee wa miaka sitini na mbili. Gari la kumpeleka rumande lingefika saa tisa. Faina alikuwa na saa tatu na nusu za kuonyesha kwamba wanamfunga mtu asiye na hatia, kama kweli hakuwa na hatia.

"Ulitoka stoo saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro robo, nikanywe chai. Ufunguo niliuacha kwenye msumari, kama siku zote. Nikarudi saa tatu na nusu. Panga zote zilikuwa zinaning'inia, kila moja chini ya jina la mwenyewe."

"Hukuzikagua?"

"Jana jioni nilizikagua, zote butu. Leo sikuzikagua, Kapteni. Hilo kosa langu."

Faina aliingia stoo. Kulikuwa na jiwe la kunolea, ambalo Yefim alisawazishia mapengo ya panga, na chini yake sakafu ilikuwa imetapakaa tope jekundu la jiwe, limechanganyika na chembe za chuma.

Aliyeshika upanga ule ni Rodion Shchukin, Mfaransa wa filamu, jitu lenye mabega ya mbeba mizigo. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa bendeji.

"Jana mligombana na Gleb."

"Aliniita gunia la viazi. Na juu ya farasi kweli mimi ni gunia la viazi! Ndiyo nimkate mtu vidole?"

"Hilo jeraha?"

"Kwenye mchezo naushika upanga penye makali kwa mkono mtupu, kuringa tu, ndipo napiga. Kabla maumivu hayajafika kichwani, mkono wa kulia ulishashuka." Akaanza kulia, masharubu ya gundi yakabanduka.

Mtu anayejua upanga una makali haushiki kiganjani. Faina alimwacha.

Aliyefuata ni Larisa Gusarova, aliyeigiza binti wa kifalme. Alipokuwa akijipepea kwa kurasa zake za mazungumzo, zilimponyoka. Badala ya kuziokota, akazikalia pale pale kwenye majani mabichi, na gauni lake la hariri.

"Wewe mzima kweli?" Faina aliuliza.

"Kurasa zikianguka, muigizaji anazikalia kwanza, Faina Lvovna. Ukiziokota tu, nafasi yako inaondoka. Sote tunafanya hivyo. Hata Valerian Ozerski, stelingi wetu, pamoja na maringo yake yote."

"Watu wazima na ndevu zenu!"

"Na leo nani athubutu kuacha? Barsov kagawa kurasa mpya saa mbili na nusu. Mwisho umebadilika. Kwenye pambano la mwisho utaonekana uso wa Gleb, si wa Valerian. Valerian akipanda farasi, hata farasi anacheka."

Valerian Ozerski mwenyewe, stelingi, alimpokea Faina amesimama. Jua lilichoma, lakini alikuwa amejifunika joho zito mpaka magotini.

"Keti."

"Suruali hii, mrembo wangu, hushonwa mwilini asubuhi na kukatwa jioni. Kukaa ni mateso."

"Mimi si mrembo wako, mimi ni kapteni. Saa tatu ulikuwa wapi?"

"Bustanini, peke yangu, nakariri kurasa mpya."

"Stoo ya silaha je?"

"Sijawahi kuikanyaga. Vyuma nawaachia wahunzi."

Saa nane na nusu Faina aliwakusanya wote uwanjani.

"Ozerski, vua joho."

"Haiwezekani. Nimo ndani ya uhusika."

"Toka humo. Vua, geuka."

Aligeuka. Kwenye makalio ya suruali nyeupe palikuwa na madoa mawili ya duara, mekundu, makavu. Jeshi la Ufaransa likaangua kicheko. Faina alipitisha leso nyeupe juu ya madoa, akaionyesha: vumbi jekundu na chembe za chuma zilizometa juani.

"Uliponoa upanga wa Rodion, kurasa zilikuponyoka," alisema. "Ungeziokota ukaenda zako, nisingekuwa na kitu mkononi. Lakini ulizikalia kwenye tope la jiwe. Ulikuwa umekuja kumuumiza mwenzako, na bado ukahofia mkosi."

"Mkwaruzo tu!" Ozerski alipiga kelele. "Nilitaka apate mkwaruzo tu, arudi nyumbani! Miaka kumi na tano yeye anaruka, napendwa mimi. Wakishauona uso wake, mimi nitabaki nani?"

Faina aliona swali hilo ndilo neno la kweli pekee alilosema siku nzima, na bado halikumpunguzia dharau hata chembe.

Saa tisa gari likafika. Barsov akamkimbilia Faina. "Kapteni, dakika kumi tu, nimpige Valerian picha ya uso kabla hamjaondoka naye. Mwanga ni mzuri ajabu!"

"Ondoka mbele yangu," Faina alisema.

Larisa alikuwa akilia, akimlilia Valerian. Wengine walinong'ona kama filamu itaendelea au watarudishwa Leningrad. Yefim alimpa Barsov ufunguo, akamsogelea Faina.

"Kapteni, Gleb je? Vidole vimeunganishwa?"

Faina alimtazama. Tangu saa tano na nusu alikuwa amewahoji watu kumi na wawili, na huyu, waliyetaka kumfunga, ndiye wa kwanza kuuliza.

"Kimoja, hospitali wamesema," alijibu. "Panda mbele, Yefim Savvich. Tutapitia hospitali kwanza."