Betri ya Kompyuta ya Marehemu

Rafiki yangu si mtu wa kuona majini kila pazia likitikisika, ndiyo maana namwamini. Alipeleka kwa fundi kompyuta kuukuu ya marehemu mumewe, kwa kuwa rekodi za sauti yake zilibaki humo tu, na watoto walikuwa wameanza kuisahau.

"Dada, betri imevimba kama shavu lenye jino bovu," fundi alicheka. "Ingewaunguzia nyumba nzima!"

"Itoe, kaka. Hizo rekodi tu zisipotee."

Aliichomoa, akaiweka pembeni. Waya wa chaji ulikuwa bado mkobani mwa rafiki yangu. Kisha fundi, kama afanyavyo kwa kila mashine, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia, ili umeme uliosalia ndani uishe.

Feni ikaanza kuzunguka.

Akaachia kitufe. Feni haikusimama. Skrini ilibaki nyeusi tii, ila kwenye spika mtu alikuwa akihema, taratibu, huku kiganja kikipapasa ukuta.

"Mama watoto," ikasema sauti ya mumewe, "mbona mmezima taa?"

Fundi akatazama juu. Taa zote za duka zilikuwa zinawaka.