Kinga Iliyovuka Ziwa

Kule Ujiji watu wanaiita baiskeli. Hapa Baraka tunaiita kinga. Chombo ni kilekile: magurudumu mawili, usukani, kiti, na kibebeo cha mizigo nyuma.

Mashaka aliinunua kinga yake Kigoma, alipokuwa akifanya kazi kwa wafanyabiashara wa Ujiji. Alijifunza kuipanda kulekule. Alipochoka kukaa mbali na kwao, aliipakia katika mashua, akavuka Ziwa Tanganyika, akarudi Baraka. Mtaa mzima ulitoka kuitazama. Ilikuwa na taa, ilikuwa na kengele, na vyuma vyake vilimetameta. Kila asubuhi Mashaka aliifuta kinga kabla hajanawa uso.

Latifa, mke wake, alikuwa akimtazama mlangoni.

"Mi nikizaliwa tena," alisema, "nizaliwe kinga."

Kila siku Mashaka alikwenda ufukoni kununua ndagala, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani. Alifunga magunia kwenye kibebeo, akapeleka sokoni. Na kila Alhamisi, siku ya soko kubwa, alifanya kazi nyingine. Alimbeba mama yake mpaka dispensari.

Mama yake aliitwa Zubeda. Alikuwa na donda kwenye mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Donda lilianza kwa kujikuna tu. Sasa lilikuwa pana kama kiganja. Munganga wa dispensari alilisafisha, akatia dawa, akafunga bandeji safi. Kisha alimwonya:

"Mama, usikose kuja. Donda hii ikiachwa itafika kwenye mufupa. Ikifika kwenye mufupa, batakata mguu."

Zubeda hakutaka kukatwa mguu. Basi hakukosa. Alikaa nyuma ya kinga, ubavu ubavu kama wanawake wote wanavyokaa, miguu yote upande wa kushoto, na akasalimia kila mtu njiani.

Mashaka alikuwa na sifa moja nzuri, na sifa hiyo nusura imuue mama yake. Alikuwa mtiifu. Alipokuwa anajifunza kule Ujiji, askari alimpigia filimbi mara nyingi: "Pita kushoto! Kushoto!" Naye alishika neno hilo. Aliporudi Baraka aliendelea kupita kushoto, bila kukosa. Alipoona mwenye kinga mwingine akija upande wa pili, alimhurumia.

"Batu ba hapa habajui barabara," alimwambia mama yake. "Mi nilijifunza mujini."

Zubeda alijisikia vizuri kuwa na mtoto aliyejifunza mjini.

Muda mrefu hakikutokea kitu. Magari yalikuwa machache, na mtu aliyesikia moja likija alikuwa na nafasi ya kutosha kushuka na kulitazama. Lakini kiangazi kilifika. Pamba ilivunwa. Kamio za pamba, yale malori makubwa, zilianza kupita katika barabara ya soko, zikienda na kurudi, na vumbi lilijaa. Barabara ilikuwa na kamio, kinga, mbuzi, wanawake wenye vikapu vichwani, na ng'ombe walioshuka kutoka milima ya Bibokoboko. Kila mmoja aliona barabara ni yake.

Alhamisi moja Mashaka na mama yake walikuwa wanaelekea dispensari. Walifika kwenye kona ya soko. Mashaka alipita kushoto, kama kawaida. Mbele yake, kwenye kona, ikatokea kamio. Ilikuwa inakuja upande uleule.

Shofeli, dereva wa kamio, alifikiri, "Huyu atarudi upande wake." Mashaka naye alifikiri vilevile. Hakuna aliyerudi.

Kamio ilipiga honi. Mashaka alivuta usukani zaidi kushoto. Breki za kamio zililia. Kinga iliingia kwenye mfereji, Mashaka akaanguka juu yake, na Zubeda akarushwa katika rundo la mihogo ya kuuza. Gurudumu la kamio lilisimama karibu na miguu yake.

Shofeli akaruka chini. Alikuwa Casimir, jirani yao, mtu ambaye uwanja wake na wa Mashaka ulitenganishwa na ua wa matete tu.

"We Mashaka! Unapita wapi?"

"Mi napita pahali pangu! We ndiyo umeingia kwangu!"

"Kwako? Barabara hii ni kwako?"

Watu walijaa. Wengine walisema shofeli amekunywa. Wengine walisema kinga zote zirudishwe zilikotoka. Kelele ikawa kubwa.

"Munagombana," ilisikika sauti ya Zubeda, "na mi niko ndani ya mihogo. Mutanitoa lini?"

Wakamtoa. Hakuvunjika, lakini bandeji ilikuwa imechanika na donda lilivuja damu. Watu walimshika mikono mpaka dispensari. Aliporudi nyumbani alisema neno moja.

"Sitapanda tena."

Alhamisi iliyofuata Mashaka aliitoa kinga, akaifuta, akaita. Mama yake alikaa mkekani.

"Mama, mguu."

"Mguu ni wangu."

Alijaribu kwenda kwa miguu. Alifika kwenye mlango wa jirani, akakaa chini, jasho likimtoka. Latifa alishauri wanaume wambebe kwa kiti.

"Aka! Mi si Muzungu wa kubebwa kwa kipoyi," Zubeda alisema. "Na maiti bado sijakuwa. Muniache."

Wakamwacha. Siku zikapita. Bandeji ilibadilika rangi. Usiku aliuma meno ili asilie. Asubuhi Latifa alipokuwa anafagia karibu naye, alisikia harufu. Alitoka nje haraka, akamwambia mume wake, na machozi yalimtoka wazi.

"Mashaka, mama anaoza. Anaoza kwa sababu ya kinga yako."

Mashaka aliogopa. Siku hiyo hakuifuta kinga.

Jioni hiyo Casimir alikuja. Tangu siku ya mihogo hawakuwa wamesalimiana. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Jambo, mama. Nilikuja kuangalia mguu."

"Jambo, mutoto wangu. Mguu uko. Ingia."

Casimir alikaa mkekani, akamtazama Mashaka.

"Mi sikulala vizuri tangu siku ile. Kila nikifumba macho naona mama chini ya gurudumu. Sasa niambie kwa upole. Sababu gani ulipita kushoto?"

"Yaya Casimir," Mashaka alisema, kwa kuwa Casimir alikuwa mkubwa kwake, "kushoto ndiyo sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ya barabara. Askari wa Ujiji alinifunza."

Casimir alijipiga paji la uso.

"Kumbe! Ujiji!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mashaka, kule ngambo ni Waingereza. Gari zao zinapita kushoto. Huku kwetu Kongo ni Wabelgiji. Gari zote zinapita kuume. Kamio, kinga, zote. Kuume."

"Hakuna mutu aliniambia," Mashaka alisema.

"Nani akuambie? We ndiyo ulikuwa unatufundisha!"

Zubeda alianza kutikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka, ameshika mbavu.

"Yo! Mutoto wangu wa mujini! Amenitupa katika mihogo kwa sheria ya watu wengine!"

"Sikiliza, ndugu yangu," Casimir alisema. "Kule ulipanda baiskeli. Ulipofika hapa ufukoni ulianza kusema kinga. Jina ulibadilisha siku ileile. Na mukono wa kupita ubadilishe."

Jumapili, baada ya misa, Casimir alipeleka kamio ziwani kuiosha. Mashaka na Latifa walifuata na kinga. Casimir alimpandisha Mashaka kwenye kiti cha shofeli, ambacho huku kiko upande wa kushoto.

"Latifa, sukuma kinga, zunguka kamio polepole. Mashaka, we sema kama unamuona."

Latifa alipita mbele. "Namuona," Mashaka alisema. Akapita upande wa kushoto, karibu na mlango. "Namuona." Akapita nyuma. "Simuoni." Akaja upande wa kuume, karibu kabisa na gurudumu.

"Yuko wapi?" Mashaka aliuliza.

"Niko hapa!" Latifa alipaza sauti kutoka chini, na akagonga bati la kamio kwa ngumi.

Mashaka alishuka. Uso ulikuwa umembadilika.

"Hata mi mwenyewe ningemukanyaga," alisema.

"Ndiyo," Casimir alisema. "Batu banafikiri shofeli iko juu, basi anaona yote. Haoni. Kwa hiyo pita kuume, karibu na ukingo, lakini usiingie kati ya kamio na mufereji. Kamio ikisimama, we simama nyuma yake. Ungoje. Ukifika kwenye kona, punguza mwendo, piga kengele. Na ukishtuka, usivute usukani. Shika breki, shuka chini."

"Nitakumbuka."

"Kichwa kitakumbuka. Mukono haitakumbuka. Mukono yako imezoea kushoto."

Ilikuwa hivyo kweli. Asubuhi, barabara ikiwa bado tupu, Mashaka alijizoeza. Alipita kuume vizuri. Mara mbuzi akakatiza, na Mashaka akajikuta kushoto. Alirudia. Jogoo akaruka, akajikuta kushoto tena. Alitukana jogoo. Latifa alichana kipande cha kitambaa chekundu, akakifunga kwenye mshikio wa kuume.

"Pale penye nyekundu, ndiyo ukingo wako," alisema.

Kitambaa kilisaidia. Hata hivyo Zubeda alimtazama mwanawe kutoka kwenye ua siku kadhaa kabla hajasema kitu. Alhamisi asubuhi alijifunga kanga, akatoka akichechemea.

"Lete kinga. Mi naogopa, sitakuficha. Lakini naogopa kisu zaidi."

Mashaka alishikilia usukani. Zubeda alikaa kama alivyokaa siku zote, miguu kushoto. Casimir alikuwa anapita kwenda kazini.

"Ngoja!" alisema kwa nguvu. "Mama, miguu!"

"Miguu imefanya nini tena?"

"Sasa Mashaka anapita kuume. Kushoto kwenu ndiko kamio zinapita. Mama, unapelekea kamio mguu wako mugonjwa!"

Mashaka alitazama. Hakuwa amewaza hilo. Alikuwa amehamisha kinga upande wa pili na kusahau kumhamisha mama.

"Geuka, mama. Miguu upande wa kuume."

"Tangu lini mwanamuke anakaa hivyo?"

"Tangu leo," Latifa alisema, na akamgeuza.

Zubeda alilalamika kwamba anaanguka, kwamba kiuno kinauma, kwamba dunia yote sasa anaiona kinyume. Lakini alikaa. Walikwenda polepole. Watu walimsalimia, naye aliitikia kwa mdomo tu. Mikono yake ilishika shati la mwanawe.

Walifika kwenye kona ya soko. Mashaka alipunguza mwendo, akapiga kengele. Kamio ya pamba ikatokea, imejaa mpaka juu, na vumbi nyuma yake. Mkono wa kushoto wa Mashaka ulianza kuvuta usukani, wenyewe, bila ruhusa. Zubeda aliona. Alimfinya kwa nguvu ubavu wa kuume.

"Kuume, we mutoto! Kuume!"

Mashaka aliona kile kitambaa chekundu. Alishika breki. Alishuka, akasimama kwenye ukingo wa kuume, kinga mkononi, mama juu yake. Kamio ikapita. Ilipita mbali nao, upande wake, na wao walikuwa upande wao. Vumbi likatua.

"Imekwenda?" Zubeda aliuliza, macho amefumba.

"Imekwenda, mama."

"Basi panda. Munganga anangoja."

Munganga aligomba sana alipolifungua donda. Alisema mama amechelewa, lakini mfupa ulikuwa bado mzima. Alisafisha, Zubeda akapiga kelele mpaka nje wakasikia. Hakukosa Alhamisi nyingine. Mvua za kwanza zilipoanza, donda lilikuwa limefunga, na mahali pake pakabaki kovu jeusi, laini. Alianza kutembea kwa fimbo.

Siku moja alikuwa ufukoni kuchagua ndagala. Mashua ya Kigoma ilikuwa imefika. Mfanyabiashara mmoja mgeni aliteremsha chombo kipya chenye taa na kengele. Alikifuta vumbi, akapanda, akaelekea barabara ya soko. Alipita kushoto, taratibu, kwa adabu zote.

Zubeda alimwekea fimbo mbele ya gurudumu.

"Salaam alekum, baba. Hii kitu inaitwaje?"

"Alekum salaam, mama. Hii ni baiskeli."

"Basi we ungali ngambo. Shuka."

Mgeni alidhani mama amechanganyikiwa. Lakini alikuwa mama mtu mzima, na fimbo ilikuwa bado pale. Akashuka.

"Hapa inaitwa kinga," Zubeda alisema. "Sema: kinga."

"Kinga."

"Na kinga inapita mukono gani?"

Mgeni akaonyesha kushoto. Zubeda aliinua kidogo upindo wa kanga, akamwonyesha lile kovu.

"Mi nilikuwa na mutoto anajibu hivyo."

Akaondoa fimbo. Mgeni alilitazama kovu, kisha akaitazama barabara yenye kamio. Akakikokota chombo chake kwa miguu mpaka upande wa kuume.